Kabla ya Kufungua

Wamebandika karatasi ukutani, juu ya sinki:
haki za mgonjwa upande wa kushoto,
wajibu wake upande wa kulia,
na katikati msumari mmoja unaozishikilia zote.
Mimi Severiane, fundi saa wa Kutaisi,
nimelala chali siku tatu chumba namba sita
na nimesoma kushoto tu.
Shingo, nilisema, haigeuki kulia.

Jana daktari alikuja na kalamu.
"Tia sahihi hapa, mzee, kesho tunaitoa nyongo."
Nikamwambia: Binti yangu, keti.
Miaka arobaini na mmoja nimekaa kibandani,
lenzi jichoni, saa za watu kiganjani,
na sijafungua hata moja mgongo
kabla mwenyewe hajajua
nitatoa nini, nitarudisha nini,
na kipi huenda kisirudi.
Hata saa ya plastiki ya mtoto wa shule.
Wewe wataka kufungua tumbo
kwa mstari mmoja wa wino?

Akaketi. Haki ya Mungu, aliketi,
ukingoni mwa kitanda,
akaichora nyongo nyuma ya fomu:
kifuko kama tini, ndani changarawe.
Matundu manne, akasema. Nusukaputi, saa moja na nusu.
Akazitaja hatari bila kuzivika kitambaa.
Nikauliza kuhusu ini mara mbili.
Akajibu mara mbili.
Nilijiona mfalme aliyevaa pajama.

Kisha ikawa zamu yake.
Pombe?
Sikukuu tu.
Vidonge vya presha?
Kila asubuhi.
Tangu saa nne usiku usile, usinywe. Sawa?
Sawa.
Akaandika. Yote akayaandika
kwa mwandiko safi wa mtu anayeamini.

Usiku Valiko wa kitanda cha dirishani alikoroma,
na ndani ya kabati langu, katika gazeti,
mkate wa jibini alioleta Tsiala, mke wangu,
ulikuwa unanukia kama nyumbani.
Saa kumi na moja alfajiri, chooni, bila kuwasha taa,
niliula wote.
Nikalamba vidole.

Asubuhi Lamara, muuguzi, akaja na machela.
"Hujala kitu?"
Kinywa kikafunguka kusema la,
na wakanijia wateja wangu, wote kwa pamoja:
Haijaanguka, fundi. Imesimama yenyewe tu.
Nami nikiifungua, mhimili umepinda,
maji ya kuogea yameacha kutu kwenye meno ya gurudumu.
Saa haijui kumsitiri mwenyewe.
Jioni tulikuwa tukiwacheka, mimi na Tsiala.
Wangesema tu, ningejua pa kuanzia.

Nimekula, nikasema.
Mkate mzima. Wa jibini.
Na ile gongo ya zabibu, sisi twaiita chacha,
ingawa yangu haijapata kuchacha,
siinywi sikukuu. Nainywa Jumatatu,
na Jumanne naikumbuka Jumatatu.
Vidonge vimo kwenye kopo la skrubu. Vingi vyake.

Lamara hakunikemea. Afadhali angenikemea.
Aliliegesha machela, akaenda kumwita daktari,
naye akasimama pale akinitazama, kofia ya upasuaji kichwani.
"Ungetapika ukiwa usingizini," akasema,
"matapishi yakaingia mapafuni.
Ningekuua, na sahihi ni yako."
Hakuongeza neno.
Kalamu ikapita juu ya majibu yangu ya jana,
yote matatu.

Nafasi yangu wakampa Valiko,
aliyeingoja siku tisa.
Alipokuwa akisukumwa mlangoni alinikonyeza:
"Asante kwa mkate."

Mimi ni Alhamisi.
Tsiala ameambiwa alete kopo la skrubu
na asilete kitu kingine.
Shingo imegeuka, kidogo.
Mstari wa kwanza wa upande wa kulia
umerukiwa na maji ya sinki,
neno moja limefutika.
Nalijua.